Kiti cha Ghorofa ya Pili

Vidato themanini na vinne. Miguu yangu ilivijua
kabla sijavijua kwa idadi:
miaka thelathini na moja nikivipanda na ndoo za makaa,
na msonobari wa Krismasi begani,
na Dobrochna mchanga, amelala, mate yakinilowesha shingo,
wala sikuwahi kuuliza ni vingapi.

Sasa nauliza. Sasa kila kimoja kinanijibu.

Walinitoa hospitali mwezi wa Februari,
siku ishirini na tatu, kumi na moja za mashine.
Wauguzi walipiga makofi mlangoni, nami nikapiga,
nikidhani anashangiliwa mtu mwingine.
Karatasi ilisema: amepona.
Daktari, macho mekundu kwa kukesha, akanionyesha picha:
mapafu yako, akasema, bado yana ukungu
kama kioo kilichosagwa.
Mimi ni fundi wa karakana ya tramu, Łódź nzima inanijua.
Kioo kilichosagwa hakifagiliwi kwa mkono.

Nyumba yetu haina lifti.
Kidato cha tisa niliona vimulimuli mchana.
Cha kumi na nne nikakaa sakafuni
kama mzigo ambao mwenyewe amekwenda kutafuta hamali.
Dakika arobaini, mimi na binti yangu, hadi mlangoni kwetu.
Supu ya bitiruti ilikuwa imeshapoa.

Kesho yake, ghorofa ya pili, pale ngazi zinapogeuka,
palikuwa na kiti.
Cha jikoni, cha kijani, mguu mmoja umefungwa kwa waya.
Hakuna aliyesema ni chake.
Nilikijua. Cha Otylia Wrzos,
ambaye tangu ule ugomvi wa baiskeli
hatujaamkiana, mwaka wa kumi na sita huu.

Nikakaa.

Nyumbani napuliza mrija ndani ya bilauri ya maji,
mapovu, mapovu, kama mtoto aliyekatazwa.
Kidude kinachobana kidole kinasoma tisini na moja.
Tisini na mbili. Machi nzima, tisini na mbili.
Watu wananipigia simu: umepona?
Nawaambia ndiyo,
kwa kuwa hapana ni sentensi ndefu,
na sentensi ndefu ina gharama yake.

Usiku nalala kifudifudi kama nilivyofundishwa.
Zamani pumzi haikuwa na mwenyewe,
iliingia ikatoka kama paka wa uani.
Siku hizi naiita kwa jina.
Pumua, najiambia. Pumzika.
Maneno yaliyozaliwa nyumba moja,
nami uzeeni ndiyo kwanza nauona undugu wao.

Kila nilipokaa kitini, mlango wa Otylia ulifunguka
upana wa kidole. Harufu ya vitunguu vya kukaanga.
Hakuongeza kidole cha pili, nami sikugonga.
Hivyo tu, dakika nne, dakika tano,
mmoja ndani, mmoja nje, hewa ileile.

Juni nilisimama tu, mkono kwenye egemeo.
Agosti nilikipita kiti, nikarudi nyuma vidato viwili,
nikakaa. Ingekuwa utovu wa adabu.

Picha ya Septemba: ukungu umepungua,
kovu moja kushoto, chini, halitaondoka.
Basi nalo limekuwa mpangaji.

Novemba, nikirudi na mkate, nilikuta kiti kimekaliwa.
Otylia, koti limefungwa vifungo vibaya,
mfuko wa vitunguu katikati ya miguu, midomo rangi ya zambarau,
hatua tatu tu kutoka mlangoni kwake.
Kabla sijamwamkia nilikuwa nimeshahesabu:
thelathini na mbili kwa dakika.

Nikaketi kwenye kidato, miguuni pake.
Nikatoa kidude mfukoni, nikakivisha kidole chake baridi.
“Ile baiskeli,” akaanza, akakatika.
“Iache,” nikamwambia, “ni sentensi ndefu.”

Tukainama sote wawili,
tukiisubiri namba.